Tyubu moja, majaketi sita, maboya mawili: mzigo wa mtumba nilionunua Kampala

Nianze na boya la mtoto, maana ndilo lililonifanya niandike. Ni lile la plastiki la kujaza hewa, la mviringo, katikati lina kiti chenye matundu mawili ya kupitisha miguu. Rangi yake njano, mbele limechorwa bata. Jumamosi moja mwezi wa pili nilimkalisha humo mjukuu wangu wa miezi tisa, maji yakinifika kiunoni, mkono wangu ukiwa mgongoni mwake muda wote. Alicheka, akapigapiga maji kwa viganja. Jumatatu yake nikaja kujua kwamba boya lenye namba ile ile ya modeli lilikwisha kuondolewa sokoni Marekani miaka mingi iliyopita. Kiti chake kilikuwa kinachanika na mtoto anaponyoka kuingia majini.

Wanaonifahamu hapa Jinja huniita Mama Shamim. Nimezaliwa Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda, ambako Msoga, Mluo, Mnubi na Mganda tuligombana na kupatana kwa Kiswahili. Jumamosi na Jumapili nafundisha watoto kuogelea na kukodisha vifaa kwenye sehemu ya Nile iliyotulia, juu ya bwawa la Bujagali. Tangu bwawa lile lianze kazi mwaka 2012 maporomoko ya zamani yamezama, na maji pale yamelala kama ziwa. Wanaotaka mawimbi huteremka chini zaidi na rafti zao. Kwangu huja familia.

Mzigo niliununua Kampala, duka moja la ghorofani karibu na soko la Owino, kwa bwana anayeuza vifaa vya michezo vilivyotumika. Jina la duka siliandiki. Nilichukua tyubu ya watu watatu, ya kuvutwa na boti, kwa shilingi 420,000, majaketi sita ya kujiokolea ya aina inayojijaza hewa kwa 60,000 kila moja, na maboya mawili ya watoto wachanga kwa 35,000 kila moja. Jumla 850,000. Kwangu hizo ni hela za miezi kadhaa, kwa hiyo kila kitu nilikikagua, na nitasema nilichokikuta.

Tyubu ndiyo niliyoifuata, na kwa hiyo namsifu muuzaji bila kusita. Nje ina gamba la nailoni nzito lenye zipu, ndani ina mfuko wa plastiki unaobeba hewa. Niliijaza jioni, nikaizungushia uzi na kutia fundo mahali unapokutana. Asubuhi uzi ulikuwa umelegea kwa upana wa kidole kimoja tu, na hilo ni baridi ya usiku, maana hewa ikipoa husinyaa. Halafu nikapaka maji ya sabuni kwenye mishono yote na kwenye valvu. Povu lilitoka mahali pamoja, ukingoni mwa valvu. Nikakaza, likakoma. Mshono wa pale inapofungwa kamba, ambapo ndipo nguvu yote ya boti huishia, haukuwa na uzi hata mmoja uliokatika.

Kitu kimoja kuhusu tyubu hizi ambacho wengi hawajali: ukiijaza pomoni asubuhi ukaiacha nchi kavu mpaka jua la saa saba, hewa ya ndani hutanuka na mishono huvutika kila siku kidogo kidogo. Mimi wakati wa chakula cha mchana naipunguza hewa, au naiacha ielee kivulini.

Kamba aliyonipa nayo haikufaa kabisa. Ilikuwa ile ya bluu ya kufungia mizigo juu ya lori. Kamba ya kuvutia tyubu yenye watu watatu inatakiwa ihimili mvuto wa paundi 3,350, yaani zaidi kidogo ya kilo 1,500, na urefu wake uwe kati ya futi 50 na 65. Ikiwa fupi, watu wanakuwa karibu mno na injini. Ikiwa dhaifu na ikakatika wakati imekazwa, inarudi kama mjeledi kwa walio kwenye boti. Nilitafuta nyingine kwa 95,000, na gharama hiyo naihesabu kwenye bei ya tyubu.

Vijana wakipanda huniimbia wimbo mmoja: "Mama, mwambie nahodha akaze, iruke!" Sikubali. Kwa watoto hatupiti kilomita 24 kwa saa, kwa wakubwa 32, basi. Mwaka 2006 kampuni ya Sportsstuff ya Omaha, Nebraska, ilikuwa na tyubu iliyotengenezwa makusudi ipae. Iliitwa Wego Kite Tube, ya mviringo, ya njano, upana wa futi 10. Ukiivuta kwa kasi, upepo huingia chini yake, inainuka na mtu juu yake kama tiara. Mwezi Julai mwaka ule zikaondolewa sokoni, kama 19,000 hivi, baada ya watu wawili kufa Marekani na wengine kuumia vibaya, wakiwemo waliovunjika shingo na waliotobolewa mapafu. Na onyo lilikuwepo juu ya tyubu yenyewe: picha ya fuvu la kichwa, na maneno ya kumwambia mtu asiruke juu kuliko urefu ambao yuko tayari kuanguka. Nalifikiria sana onyo lile. Tyubu haikuwa na tundu wala mshono mbovu. Ilifanya kazi yake barabara, na kazi yenyewe ndiyo iliyoua. Tyubu yangu si ya kupaa, lakini upepo wa Nile haujui hilo. Nahodha akikaza wakati upepo unatoka mbele, pua ya tyubu nayo huinuka.

Majaketi sasa. Hapa nilihuzunika.

Muuzaji alinionyesha jinsi yalivyo membamba, mtu anavaa shingoni kama ukanda na haoni joto. Kweli. Ndani kuna mfuko uliokunjwa, mtungi mdogo wa gesi, na kidude chenye dawa inayoyeyuka ikilowa. Dawa ikiyeyuka, sindano inatoboa mtungi, gesi inajaza mfuko. Kifaa kizuri, lakini hakuna kinachoonekana kwa nje. Lazima ukifungue.

Nilifungua yote sita juu ya meza ya jikoni. Mitungi miwili ilikuwa na tundu kichwani, maana yake ilikwisha kutumika na kukunjwa tena. Jaketi moja halikuwa na mtungi kabisa. Mitatu iliyobaki niliipeleka kwa sonara wa mtaani kwetu, kwa sababu kila mtungi umechongwa uzito wake wa chini unaokubalika na mizani ya unga haiwezi kazi hiyo. Miwili ilikuwa sawa, mmoja ulipungua. Vile vidude vya dawa vyote vilikuwa vimepita muda wake kwa miaka. Halafu nikayapuliza majaketi yote kwa mdomo, kupitia ule mrija wa akiba, nikayaacha usiku kucha. Alfajiri mawili yalikuwa yamelala chini kama maandazi yaliyonyimwa hamira.

Kati ya sita, hakuna hata moja ningemvalisha mtu nikalala usingizi. Mawili yanaweza kufufuliwa kwa mtungi na dawa mpya, lakini vipuri hivyo vilinitesa kuvipata, na gesi ya shinikizo si kitu cha kutumiwa kwenye kifurushi cha ndege hivi hivi.

Kingine, na hiki kimeandikwa ndani ya jaketi lenyewe kwa maandishi madogo: si ya mtu aliye chini ya miaka 16, wala si ya kuvutwa nyuma ya boti. Majaketi mengi ya namna hii yanayouzwa Marekani ndivyo yalivyo. Mtu akianguka kutoka kwenye tyubu kwa kasi anahitaji kitu kinachoelea tayari, siyo kinachosubiri kuyeyusha dawa. Lakini dukani niliambiwa, "Nyabo," yaani mama kwa Kiganda, "hizi hata mtoto wa P3, darasa la tatu, anavaa." Sidhani alinidanganya. Hakuwa amesoma.

Wale waliokulia kando ya maji watanielewa nikisema kwamba jerikani tupu ya lita 20, iliyofungwa kifuniko vizuri, ni mwokozi kuliko majaketi yale. Inainua karibu kilo 19. Jaketi la povu la newtoni 100 linainua kilo 10 hivi, na linatosha, kwa sababu linakaa mwilini na kukuacha uso juu. Sisi tulijifunza kuelea kwa jerikani za mama zetu. Siisifii ili mtu aiige, mkono ukichoka inaondoka peke yake. Nasema tu kwamba ile jerikani haikunificha kitu.

Na sitaki kulichukulia hili kirahisi. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, ziwani Victoria, watu zaidi ya 30 wakafa karibu na ufuko. Tangu wiki ile kila mteja wangu ananiuliza, "Mama, majaketi yapo?" Anaona yamening'inia, anatulia. Utulivu ule ni amana aliyoiweka kwangu. Nikimvalisha mfuko mtupu nimemwibia.

Basi turudi kwenye boya la bata.

Mpwa wangu Hamisi yuko chuo, na simu yake ina bando kuliko yangu. Nilimwomba anitafutie vipuri vya majaketi. Alipomaliza akaanza kusoma namba za kila kitu mezani, kwa udadisi wake tu, na kuziingiza kwenye ukurasa wa CPSC, ile tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za wanunuzi. Tyubu, hakuna kitu. Majaketi, hakuna kitu. Boya, akanyamaza. Kisha akasema, "Shangazi, hebu njoo uangalie picha hii."

Ilikuwa ile ile. Bata yule yule.

Nilikwenda kulichukua boya kambani lilipokuwa limeanikwa. Nikaingiza kidole gumba kwenye tundu la mguu, nikavuta pale ukanda wa kiti unapoungana na mviringo. Plastiki ilifanya mstari mweupe, na kwa mvuto wa pili ikaanza kufunguka. Sikuvuta kwa nguvu. Mtoto wa miezi tisa akirusha miguu anavuta zaidi ya pale. Nilikaa chini palepale kwenye majani. Kiti kile kingefunguka Jumamosi, angeshuka wima, bila kelele, kwa sababu mtoto wa umri ule hana cha kushika wala hajui kupiga ukelele chini ya maji. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwake. Nashukuru Mungu kwa mkono ule.

Kwa yule asiyejua jambo hili linavyokwenda: kampuni ikigundua hatari, au serikali ikiilazimisha, hutangazwa kwamba watu waache kukitumia kitu hicho na warudishiwe pesa au wapewe kingine. Kwa maboya ya watoto si habari ya mara moja. Mwaka 2009 kampuni ya Aqua-Leisure peke yake iliondoa sokoni maboya ya watoto wachanga yapatayo milioni nne, kwa tatizo la kiti kuchanika. Boya langu halikuwa lazima liwe la kampuni hiyo, na chapa yake siitaji. Nataka tu muione ile namba. Milioni nne. Mengine yaliharibiwa, mengine yalirudishwa, na mengine yalikuwa yamekunjwa kwenye gereji za watu ambao hawakusikia tangazo lolote. Siku wanasafisha gereji, wanatoa sadaka. Sadaka inaingia kwenye belo, belo linaingia kwenye kontena, kontena linashuka Mombasa, na miezi michache baadaye bata ananing'inia kwenye mlango wa duka Kampala, safi, amepanguswa vumbi. Tangazo lilimfuata mnunuzi wa kwanza. Sisi wa pili hatuna anwani kwao.

Marekani kwenyewe, tangu sheria ya mwaka 2008, ni kosa kuuza bidhaa iliyoondolewa sokoni hivyo, hata ikiwa ni mtumba.

Nilimpigia muuzaji. Mara ya kwanza alinijibu kwa ukali: "Hayo ni mambo ya Marekani, nyabo, huku tuko Uganda." Sikubishana naye kwenye simu. Nikapanda taksi asubuhi yake, kilomita 80, na boya kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, na simu ya Hamisi. Nilipanda ghorofani nikamkuta na wateja, nikasubiri. Walipoondoka nilimwomba aingize kidole chake mwenyewe kwenye tundu la mguu na avute. Akavuta. Plastiki ikachanika mpaka nusu.

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mama, wako yuko salama?" Nikamwambia yuko salama. Akasema yeye ana mapacha wa mwaka mmoja.

Mlangoni pake yalikuwa yamebaki maboya 11 ya aina ile. Aliyashusha yote, tukasoma namba moja moja: manane yalikuwa ya modeli ile, matatu ya nyingine. Akachukua kisu cha kufungulia mabelo akayachana yale manane mbele yangu, kiti na mviringo, asije mtu akayaokota jalalani akaziba kwa gundi. Hilo ndilo nililokwenda kulitafuta, na alilifanya bila mimi kusema. Alinirudishia 70,000 za maboya yote mawili kwa simu palepale. Kwa majaketi alinirudishia nusu, 180,000, na hapo sikuridhika na nilimwambia hivyo, kwa sababu mtungi wenye tundu ni kitu cha kuonekana kwa macho na alitakiwa kuufungua kabla ya kuuza. Alisema belo lile lilimgharimu. Najua. Hata hivyo bado namdai imani kwa hiyo 180,000 nyingine.

Kabla sijatoka niliona kitu kingine kwenye ndoano: vile vipete vya hewa vya kumvalisha mtoto mchanga shingoni, aelee kichwa kikiwa juu. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba Juni 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya wazazi kuhusu vipete hivyo, hasa kwa watoto wenye mahitaji maalumu, baada ya mtoto mmoja kufa na mwingine kulazwa hospitali. Alivitoa ndoanoni pia. Kama alivichana au aliviweka chini ya meza, sikuona.

Kama unanunua vitu hivi popote, Kampala, Mbale au Arua, tafuta lebo kabla hujatafuta rangi. Kwenye maboya namba huwa imechapwa karibu na valvu, kwenye tyubu huwa kwenye gamba upande wa chini, kwenye majaketi huwa ndani ya kola. Lebo imekatwa? Mimi siku hizi sinunui, hata kwa nusu bei, maana lebo ndiyo njia yangu pekee ya kumuuliza aliyekitengeneza. Namba hiyo iandike kwenye ukurasa wa CPSC, halafu kwenye Safety Gate ya Umoja wa Ulaya kama maandishi ni ya huko. Kuna pia ukurasa wa OECD uitwao GlobalRecalls unaokusanya matangazo ya nchi nyingi pamoja. Dakika 10, na bando la shilingi 500 linabaki. Ukikuta kimeondolewa sokoni, usimrudishie muuzaji kikiwa kizima. Piga picha lebo, kichane, mpelekee vipande na picha. Akikataa, shirika letu la viwango, UNBS, hupokea malalamiko ya wanunuzi, na picha ya lebo ndiyo watakayoihitaji.

Tyubu naendelea nayo, nimeipenda, na nikiiuza siku moja nitaiuza na lebo yake. Majaketi nimenunua mapya ya povu, manne, ya rangi ya chungwa, yanawatia joto wateja na wananung'unika. Wavae hivyo hivyo. Mjukuu wangu anaingia majini mikononi mwangu, hajawekwa tena kwenye kitu chochote cha hewa.

Juzi muuzaji yule alinipigia. Belo jipya limefika, la vitu vya majini, hajalifungua. "Mama Shamim," akasema, "njoo na yule kijana wako wa simu, msome kabla sijatundika." Tunakwenda Jumatano. Sonara amenikubalia mizani yake kwa siku moja.